Kabla hujanunua povu la kujengea ndege yako

Unajijengea ndege ndogo mwenyewe? Anza na michoro. Mbunifu akitaja aina ya povu na uzito wake, nunua hilohilo. Muuzaji akikuambia analo lingine "linalokaribiana", tena la bei nafuu, mshukuru uondoke.

Ujue pia kazi ya povu ndani ya bawa. Nguvu za kuvuta na kubana hubebwa na ngozi mbili za faibaglasi, ya juu na ya chini. Povu la katikati huzitenganisha na kuzifanya zibebe mzigo kwa pamoja. Likiliwa, au likibanduka, unaruka na maganda mawili. Kwa hiyo kabla hujauliza wepesi wake, uliza litagusana na nini.

Polistirini ya buluu, yenye kilo 32 hivi kwa mita ya ujazo, ndiyo iliyozoeleka kwa mabawa tangu mbunifu wa ndege Mmarekani, Burt Rutan, alipowapa wajenzi wa nyumbani michoro ya ndege yake ndogo, VariEze, katika miaka ya 1970. Waya wa moto, yaani waya unaopashwa kwa umeme kukatia povu, huipitia vizuri na kuacha umbo safi la bawa. Ile nyeupe ya chembechembe ni kitu kingine, usiibadilishe kienyeji.

Poliyurethani huchongwa kwa kisu na msasa, nayo inafaa kwa mikunjo ya mwili wa ndege. Usiiguse kwa waya wa moto hata kidogo: moshi wake ni sumu, sianidi ikiwemo. Vumbi lake nalo linawasha, vaa barakoa.

Povu la PVC ni ghali, lakini ni gumu na linastahimili petroli. Kwa mfano, povu la PVC liitwalo Divinycell, aina ya H45, lina kilo 48 kwa mita ya ujazo, H80 lina 80. Usinunue zito kuliko lililotajwa ukidhani unajiongezea usalama. Unajiongezea mzigo tu.

Sasa petroli. Petroli huyeyusha polistirini, na hakuna mjenzi asiyelijua hilo. Hata jamaa mmoja tuliyekuwa naye karakana moja alilijua. Kuta za tangi alizijenga kwa PVC kama michoro ilivyotaka. Ila nyuma ya tangi palibaki kona, akaijaza vipande vya buluu vilivyosalia, kwa hoja kwamba kati yake na mafuta kuna faibaglasi. Ndege ikaruka vizuri. Baadaye harufu ya petroli ikawa haiishi, akalaumu kifuniko, akakibadilisha, harufu ikabaki. Rangi ilikuwa inang'aa, ngozi imenyooka, hakuna tone chini. Mzee mmoja akachukua sarafu akaanza kugonga bawa taratibu: kli, kli, kli, halafu du. Walipokata dirisha pale, mkono uliingia. Tundu lisiloonekana kwa macho lilikuwa likipitisha mafuta kidogo kidogo, na mvuke ukasafiri mbele zaidi ya mafuta yenyewe. Povu lilikuwa limegeuka ute unaonata, na uharibifu ulikuwa umeshaingia ndani ya bawa lenyewe. Kukata na kujenga upya kulimla muda kuliko alivyotumia kulitengeneza mara ya kwanza.

Basi andika jina la povu kwenye kila kipande kinachobaki, kwa kalamu nene. Usiamini rangi, maana kila kiwanda kina rangi zake. Kabla ya kuanza, tumbukiza vipande vidogo katika petroli, asetoni na resini utakayotumia (kimiminika kinacholowanisha faibaglasi kisha kuganda), uviache usiku kucha. Resini za poliesta na vinaili esta zina stairini, nayo hula polistirini. Hapo tumia resini ya epoksi. Usisafishe brashi kwa asetoni karibu na povu la buluu.

Joto nalo. Polistirini hulainika kabla ya nyuzi 100 za Selsiasi, na epoksi nyingi hulegea mapema zaidi, ndiyo maana ndege hizi hupakwa nyeupe. Ukirundika resini nene kwa mkupuo, inajichemsha yenyewe na kuchimba shimo kwenye povu.

Funika akiba yako isipigwe jua, kwa kuwa jua hugeuza uso wa povu unga, na gundi itashika unga badala ya povu. Piga msasa kwanza. Kagua kila bonge la povu kama limepinda au lina mapengo ndani. Nunua ziada ya aina hiyohiyo, kwa sababu ukipungukiwa katikati ya kazi ndipo utakapoanza kutazama kile kipande cha kando. Na petroli usiiweke chumba kimoja na povu.