Kutafuta Nyumba ya Wageni ya Mashambani kwa Mlo wa Sikukuu

Anza kutafuta wiki kadhaa kabla ya sikukuu, kwa kuwa nyumba nyingi za wageni za mashambani zina vyumba vichache na ukumbi mmoja tu wa kulia, nazo hujaa mapema. Usitosheke na picha; piga simu uulize kama jiko litafanya kazi siku yenyewe, maana baadhi ya nyumba hizo huwapa wapishi mapumziko. Taja idadi ya watu, mtoto anayehitaji kiti kirefu, bibi asiyeweza kupanda ngazi, na yeyote anayedhurika na karanga. Mimi husisitiza tuandaliwe meza moja ndefu, ili wazee na watoto wasikilizane. Malipo ya awali yakitakiwa, omba masharti ya kughairi kwa maandishi; na kama hamtalala huko, ulizia hali ya barabara usiku.