Kabla ya Kulipia Roboti Geuzi Isiyo na Leseni

Roboti geuzi, yaani sanamu ya kuchezea ya aina ya Transformers, inayotoka kwa kampuni isiyo na leseni ya Hasbro wala ya Takara Tomy, wenye chapa hiyo, inaweza kumgharimu mnunuzi zaidi ya dola 100, na mara nyingi haina dhamana nyingine zaidi ya neno la duka lililoiuza. Kwa hiyo ukaguzi wake hauna budi kuanza kabla fedha hazijatoka mfukoni, na hauishi mpaka sanamu iwe imegeuzwa kutoka roboti kuwa gari, ndege au bunduki na kurudishwa tena bila kitu kupasuka. Wakusanyaji wengi huanza na sura, wakiuliza kama uso unafanana na ule wa katuni. Mimi sura huiweka mwisho, kwa kuwa ndicho kitu ambacho picha za matangazo humwonyesha mnunuzi vizuri zaidi, ilhali viungo hazimwonyeshi kabisa.

Kwanza ijulikane kinachonunuliwa ni cha aina gani. Hasbro ya Marekani ilianza kuuza Transformers mwaka 1984, hasa kwa kutumia kalibu za Diaclone na Microman, vinyago vya kampuni ya Takara ya Japani (sasa Takara Tomy), na mwaka 2003 Takara ikaanzisha mfululizo wa Masterpiece kwa ajili ya watu wazima waliokulia kwenye roboti hizo. Mfululizo huo ulikwenda polepole kuliko hamu ya wanunuzi, na katika pengo hilo zikaingia kampuni ndogo, nyingi zikiwa za China, kama FansProject, TFC Toys, MakeToys, FansToys na X-Transbots. Kampuni hizi husanifu sanamu zao zenyewe na kuwapa wahusika majina mengine. Shockwave, mmoja wa wahusika wa Transformers, kwa mfano, katika sanamu ya FansToys aliuzwa kwa jina la Quakewave. Nakala feki ni jambo jingine: hiyo huchukua sanamu ya mtu, iwe rasmi au isiwe rasmi, ikanakili vipande vyake na kuvimimina upya, mara nyingi kwa plastiki hafifu na wakati mwingine kwa ukubwa uliokuzwa. Kisheria zote mbili hutumia wahusika wasio wao, na majina mapya yasimpe mtu faraja ya bure. Kiufundi, hata hivyo, tofauti ni kubwa, na mnunuzi aombe namba ya toleo pamoja na picha za kisanduku alichonacho muuzaji mkononi, si zile zilizochukuliwa kwenye tangazo la kiwanda.

Suala la kipimo husumbua zaidi wale wanaonunua sanamu ya kwanza. Roboti nyingi za kundi hili husanifiwa zisimame pamoja na Masterpiece, na tangu MP-10, sanamu ya Optimus Prime katika mfululizo huo, itoke mwaka 2011, ikiwa na urefu wa takriban sentimita 25, ndiyo imekuwa kipimo cha kulinganishia. Nyingine, kama za Newage na Iron Factory, ni ndogo za kutosha kukaa kiganjani. Hakuna kipimo kilicho bora kuliko kingine, ila rafu yenye vipimo vitatu tofauti huwa kero kila inapotazamwa, kwa hiyo urefu wa roboti ujulikane kwa sentimita kabla ya kuagiza.

Baada ya hapo ndipo liangaliwe jambo ninalolihesabu kuwa kiini cha tathmini yote, yaani njia ya mgeuko. Picha za kwanza kutolewa huwa za sampuli iliyopakwa rangi kwa mkono na kusimamishwa na mtu anayeijua, na sampuli hiyo haijawahi kupita kwenye mashine ya kiwandani. Isubiriwe video ya sanamu halisi iliyotoka kwenye kisanduku, na mtazamaji aziangalie zaidi mikono ya anayeigeuza kuliko kusikiliza sifa anazozitaja. Je, anasita wapi? Kuna bamba analolazimika kulikunja ili lingine lipite? Anapofikia mwisho, je, mabamba ya gari yanafungana yenyewe, au anayabana kwa vidole huku moja likichomoka kila anapobana jingine? Bamba lisilo na pini ya kulishika mahali pake litaachia daima, na hakuna mazoezi yatakayolirekebisha. Hatua nyingi si kosa. Wapo wanaofurahia mgeuko wa nusu saa, lakini wajue kwamba sanamu ya namna hiyo huishia kubaki katika umbo moja rafuni, na kama ndivyo itakavyokuwa, basi walipie umbo hilo.

Uzito nao umewapotosha wengi. Chuma cha aloi ya zinki humpa mnunuzi hisia ya thamani mara tu anapoinua kisanduku, na kikiwekwa kwenye nyayo huisaidia roboti kusimama imara. Kikiwekwa kifuani au mabegani, vifundo vya miguu na nyonga ndivyo vinavyobeba gharama, hasa ikiwa ni vya plastiki vinavyoshikana kwa msuguano tu bila meno. Chuma kilichopakwa rangi pia hukwaruzika pale mabamba mawili yanapopitana. Kwa upande wa plastiki, sehemu angavu kama vioo vya gari ndizo zinazovunjika kwa urahisi zaidi, na msanifu aliyeweka bawaba au pini ndani ya plastiki angavu amemtegea mnunuzi mtego. Hili liulizwe mapema, na likithibitika, bei yoyote ni kubwa.

Mnunuzi pia apime uwezekano wa sanamu rasmi kutoka baadaye. Wenye Quakewave waliona Takara Tomy ikitoa Shockwave wake yenyewe, yaani MP-29, na tangu hapo kila mnunuzi mpya ana mawili ya kulinganisha. Anayenunua kwa kumpenda mhusika hapotezi kitu. Anayenunua akitarajia kuuza kwa faida afikirie tena. Tahadhari iwe kubwa zaidi kwa roboti za kuungana, ambapo magari sita, mfano ya ujenzi yanayoungana kuwa roboti moja kubwa, Devastator, huuzwa moja moja kwa muda mrefu. Kampuni ikikatisha mradi baada ya kutoa manne, mnunuzi hubaki na kiwiliwili kisicho na miguu. Mwenye subira angoje mpaka kipande cha mwisho kiwe kimefika madukani.

Agizo la awali, yaani lile la kabla sanamu haijatoka, lina masharti yake. Maduka mengi hudai arbuni isiyorudishwa, na tarehe ya kutoka huahirishwa mara kwa mara bila maelezo. Toleo la kwanza ndilo lenye kasoro nyingi, kwa kuwa kiwanda hujifunza kutokana na malalamiko ya wanunuzi wake. Toleo la pili mara nyingi huja na viungo vilivyokazwa au kipande kilichobadilishwa, na pale ambapo kiwanda kimetuma vipande vya kurekebishia, duka lililo makini huviweka pamoja na mzigo. Iulizwe wazi ni nani atalipia nauli ya kipande kikihitajika. Kwa aliyeko Mombasa au Dar es Salaam, hesabu iongezwe ushuru wa forodha na VAT, ambayo kwa kawaida ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania. VAT hiyo hukokotolewa baada ya nauli, bima na ushuru kujumlishwa kwenye bei ya bidhaa, wala si juu ya bei ya dukani peke yake.

Mzigo ukifika, iandaliwe meza yenye mwanga wa kutosha na kitambaa cha rangi moja, ili skrubu au pini ikidondoka ionekane. Karibu yake kuwe na bisibisi ndogo ya nyota, mafuta ya silikoni, na kipande chembamba cha plastiki cha kubandulia mabamba, kwa kuwa ukucha huvunjika na kisu hukwaruza. Kabla ya kugeuza chochote, sanamu ikaguliwe ikiwa katika umbo lililokuja nalo: paja la kulia lilinganishwe na la kushoto, kwani hutokea kiwanda kikafunga mawili ya kushoto, nyonga zenye meno zizungushwe polepole na milio yake ihesabiwe pande zote mbili, kila bawaba iangaliwe kama ina mstari mweupe, ambao ni dalili ya plastiki iliyokwisha kuelemewa.

Mgeuko wa kwanza ndio wa hatari kuliko yote, kwa sababu rangi iliyoingia kwenye kiungo hugandisha sehemu mbili ambazo zilipaswa kupitana. Kiungo kigumu kisilazimishwe. Kishikwe karibu kabisa na pini, si kwenye ncha ya mkono au bawa, kitiwe tone la mafuta ya silikoni, na kikikataa bado, skrubu yake ilegezwe robo mzunguko, au kipashwe moto kidogo kwa kikaushio cha nywele. Mafuta ya kulainishia kufuli na bawaba za milango yaepukwe, kwa kuwa baadhi yake hudhoofisha plastiki. Kiungo kilicholegea hakina haraka: tabaka jembamba la rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya kichwa cha mviringo cha kiungo, likaachwa likauke kabisa kabla ya kurudishwa, kwa kawaida hutosha.

Ikiwa kipande kimepasuka licha ya uangalifu wote, kipigwe picha kikiwa hivyo hivyo, pamoja na namba iliyo kwenye kisanduku, na duka liandikiwe siku ileile. Gundi isiguse mpasuko huo hadi jibu lije, kwa sababu muuzaji akiona alama ya gundi atadai kwamba uharibifu ulifanyika nyumbani, na mnunuzi hatakuwa na la kumjibu.