Kununua laptopu iliyotumika kwa ajili ya chuo
Kwa mwanafunzi mwenye bajeti ndogo, Dell Latitude au Lenovo ThinkPad iliyotumika humfaa kuliko mashine mpya ya bei ya chini kabisa, kwani iliundwa kustahimili kazi za ofisini. Chagua yenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 8, diski ya SSD (aina ya kasi ya hifadhi ya mafaili) ya GB 256, na prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, maana Windows 11 haizikubali rasmi prosesa nyingi za vizazi vya awali.

Ukiwa dukani Kariakoo, chomoa chaja, cheza video kwa dakika 20 huku ukitazama chaji inavyoshuka, kisha bonyeza kila kitufe, hasa herufi zilizofifia. Muuzaji akikuharakisha, nenda duka jingine. Ukilipa, dai risiti ya EFD (mashine ya kodi ya kielektroniki), na muda wa dhamana uandikwe.