Kabla ya kumlipa mshauri wa biashara Mombasa

Kabla ya kupiga simu, andika shida yako kwa sentensi moja. "Biashara imelala" haimsaidii mtu. "Mbona wateja wa jumla wamepungua na wa rejareja wako palepale?" hilo ni swali ambalo mtu anaweza kulipwa kulijibu.

Hesabu zako ndizo zitakazokula muda. Maduka mengi ya familia, kuanzia Biashara Street hadi Majengo, yana hesabu zisizosomana: daftari la mauzo, daftari la madeni lililoandikwa kwa penseli, na taarifa ya M-Pesa ambayo hakuna aliyewahi kuichapisha. Mshauri akikuta hali hiyo, wiki za mwanzo utamlipa akupangie karatasi, kazi ambayo karani wako anaiweza. Toa taarifa za benki na M-Pesa za miezi 12. Orodhesha kila anayedaiwa na tangu lini. Karo ya watoto iliyotoka kwenye droo ya duka iandikwe hivyo hivyo, karo, isifichwe ndani ya "matumizi". Wako watakaoiona shida yao hapo, kabla ya mgeni kufika.

Habari zilizo wazi usiuziwe. KNBS, shirika la takwimu la taifa, hutoa ripoti ya uchumi kila mwaka, Benki Kuu hutangaza viwango vya dola, na kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unaweza kuomba CR12, hati ya msajili wa kampuni, ujue wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni inayotaka mali yako kwa mkopo. Cha kulipia ni mtu anayejua habari hizo zinakugusa wapi. Muulize mpango wake utasimamaje amri au bei ikigeuka. Mji huu unajua maana ya swali hilo: mwaka 2019 ilitolewa amri shehena za bara zipandishwe SGR, reli mpya, na kutolewa forodhani Nairobi, wenye malori na mawakala wa forodha wakaandamana, Septemba 2022 serikali mpya ikaagiza shughuli hizo zirudi Mombasa. Dola nayo ilipita shilingi 160 Januari 2024, kisha mwaka huohuo ikashuka hadi karibu 130. Mwagizaji aliyepanga kwa bei moja tu aliumia.

Mkataba utaje hadidu za rejea, yaani kazi yenyewe na mipaka yake, malipo kwa awamu, na nani hasa atakayekuja. Mara nyingi mkubwa ndiye anayekuja kuomba kazi, halafu anatumwa kijana asiyeijua biashara yako. Ada ikifika shilingi 24,000 kwa mwezi, zuia asilimia 5 ya kodi uipeleke KRA, mamlaka ya mapato, na udai ankara ya eTIMS, mfumo wao wa ankara za kielektroniki. Namba za simu za wateja usizitoe ovyo, zinalindwa na sheria ya 2019 ya ulinzi wa data.

Wafanyakazi waambie mapema, kwa mdomo wako. Wakimwona mgeni na kompyuta bila maelezo watadhani wanafutwa, na watamficha mambo. Kisha mteue mmoja wao, kwa jina, atakayeshika utekelezaji mshauri akishaondoka, naye akae katika kila kikao tangu siku ya kwanza.