Anika nguo, usijianike: namna ya kuposti pamba zako za kila siku na stori zake

Mbukwenyi jamani. Kuna dada kanifata inboksi juzi anauliza, "we dada unapataje cha kuandika kila siku, mi nikivaa nikajipiga picha naishia kuandika Jumatatu njema na vikopa viwili basi." Nikamjibu kwa vipande vipande huku nahudumia wateja, afu nikaona bora niandike yote sehemu moja maana sio yeye wa kwanza kuuliza.

Kwanza mnijue, mi sio mtu wa fasheni. Nachapa na kutoa kopi kwenye steshenari ya watu hapa mjini Dodoma, nakaa Nkuhungu, na robo tatu ya kabati langu ni mtumba (sio Mtumba ule wa Mji wa Serikali, huo utani nishaufanya mpaka umechacha). Kwahiyo ukisoma hapa ukitegemea ntakufundisha kupangilia rangi utaondoka na njaa. Ninachojua ni kitu kimoja tu, kuanza na nguo yenyewe. Watu wengi wanaanza na stori, wanataka kusema jambo kubwa la maisha, wanatafuta gauni la kusimamia hilo jambo, inatoka kama mahubiri. Mi nafanya kinyume, nakaa kitandani na nguo mkononi naikagua kama fundi anavokagua, kola, zipu, pindo, kwapani, afu najiuliza hii ilifikaje hapa, nani aliikata, nani aliivaa kabla yangu, kwanini sijaigawa mpaka leo na wakati ilishanibana. Ukifika kwenye hilo swali la mwisho ujue umefika.

Ngoja nitoe mfano. Nina blauzi ya njano yenye maua madogo meusi, nikiivaa watu wanaisifia. Siku ya kwanza nimeiposti niliandika "Leo nimependeza, Mungu ni mwema." Kweli ni mwema, ila kuna mtu alijibu? Wawili, mmoja mama mdogo. Miezi imepita nikaiposti tena nikaandika hivi:

"Blauzi hii sikuitaka. Nilikuwa mnadani Msalato Jumamosi, nimetoka kula mbuzi, nikaishika tu niangalie kola. Muuzaji akauangalia mkono wangu, akaiangalia blauzi, akaurudia mkono. Elfu tatu. Doa lipo pindo la mkono wa kushoto, huwa nalikunjia ndani."

Hiyo simu haikunyamaza siku nzima. Watu wananitumia vitu walivyonunua kwa lazima, mmoja alikanyaga kiatu cha watu mnadani kikaachia soli akalipa pea nzima. Sasa angalia nilichofanya hapo, nimeitaja nguo, nimesema sehemu, nimesema bei, nimeonesha doa, NIMENYAMAZA. Sikuongeza "nimejifunza kwamba maisha…" Ukishaongeza hilo umeua. Msomaji sio mwanafunzi wako, mwache acheke aende zake.

Na doa hilo nililipiga picha peke yake, kwa karibu, nikaiweka kama picha ya pili. Ya kwanza nguo nzima kuanzia kichwa mpaka kiatu, ya pili kile kitu kidogo unachokisemea, iwe kifungo kisichofanana na wenzie, kiraka, jina lililoandikwa kwa kalamu kwenye lebo. Mbili zinatosha, ukiweka picha nane za pozi lilelile watu wanapita kama wanaokimbilia daladala.

Kanga nayo ina mambo yake. Watu wanadhani hii habari ya kuvaa na kusema kwa pamoja imeletwa na simu, wakati bibi zetu wakijifunga kanga walikuwa tayari wameshaposti. Kanga ina pindo, ina mji pale katikati, na ina jina, na jina ndo maneno yenyewe. Ukipiga picha ya kanga hakikisha jina linasomeka, maana wengi wanajifunga maneno yanaangukia kwenye mkunjo, inakuwa kama umetuma bahasha tupu. Ila kuwa makini, jina la kanga lina mwenyewe hata kama hukumtaja. Mi nilijifunga moja imeandikwa "Japo sipati tamaa sikati" kwasababu ndo ilikuwa kavu kwenye kamba, wallahi hamna lingine, nikaposti nadeki. Saa nne usiku napigiwa na mtu wa zamani huko, sauti laini, "nimeona ujumbe wako." Ujumbe gani baba, nilikuwa nadeki! Kwahiyo kama kanga imechaguliwa na hali ya hewa, andika kabisa chini kwamba imechaguliwa na hali ya hewa.

Haya, picha. Hapa ntaenda haraka kidogo maana mambo ni machache ila ya Dodoma tunayajua sisi. Futa kioo cha kamera kwanza, kwa ile fulana uliyovaa inatosha, vumbi la huku likichanganyika na mafuta ya vidole picha inatoka kama ina ukungu afu unasingizia simu. Tumia kamera ya nyuma, ndo nzuri kwa simu nyingi, iegemeze kwenye ndoo iliyopinduliwa juu ya stuli, weka taima ya sekunde kumi, kimbia kasimame. Jua la saa saba mchana usihangaike nalo, huku kwetu saa hizo ndo linakuwa juu ya kichwa kabisa, macho yanakuwa mashimo na nguo nyeupe inaungua yote haionekani hata mshono. Asubuhi kabla ya saa mbili au jioni kuanzia saa kumi na moja, hapo rangi zinatulia na hata ukuta wa tofali za kuchoma unapendeza. Ukuta wa bati achana nao, unarudisha mwanga usoni kama taa ya polisi.

Upepo sasa. Mwezi wa sita mpaka wa nane mnaujua. Sketi ya solo na upepo wa mwezi wa saba havikai nyumba moja, mi ilinipata pale Nyerere Square mbele ya watu wazima na heshima zao, tangu siku hiyo ndani navaa taiti hata kama naenda dukani kununua chumvi. Ukipiga picha nje simama upepo ukupige mgongoni, au shona vipande vidogo vya madini ya risasi kwenye pindo ili liwe zito, kama fundi wako anavyo, au kubaliana na upepo uandike stori ya upepo. Na asubuhi za miezi hiyo kuna baridi, usivue sweta eti kwasababu limeharibu pozi. Sweta ndo ukweli wa siku hiyo. Mi nina koti kuukuu la kijani limetokea kwenye picha mara nyingi mpaka watu wanalisalimia.

Sasa tukae hapa kidogo maana hapa ndo niliumia. Stori yako ina watu wengine ndani yake. Shangazi yangu alinitumia hela ya kitenge sikukuu, nikafurahi, nikashona gauni, nikaposti, "Ahsante shangazi, elfu thelathini na tano sio mchezo." Yani nilimwaga sifa mpaka basi. Kumbe shangazi anadaiwa kikoba, alishawaambia wenzie mwezi huu hana hata mia, na katibu wa kikoba yupo kwenye namba zangu. Kesho yake kikao. Shangazi hakunipigia kunigombeza, alinitumia ujumbe mmoja tu, "Umenivalisha vizuri mwanangu." Nilikaa na huo ujumbe wiki nzima. Gauni nalipenda mpaka leo ila nikilivaa nasema limetoka kwenye hela zangu na hilo ndo jibu, mnaotaka kujua mtajua humu.

Kwahiyo kabla hujamtaja mtu mpigie. Sio kumtumia meseji, mpigie, sema "nataka kuandika hivi na hivi" usome kama kilivyo. Akisita kidogo tu, toa. Unaweza kubadilisha, shangazi akawa "ndugu", hela ikawa "zawadi", stori haifi. Mama mkwe na mawifi hao usiwaguse kabisa hata kwa sifa, nasema hivi kama mtu aliyekuwa nao. Watoto wasioneshe sura, na hasa wasiwe na sare ya shule, maana sare inasema mtoto anapatikana wapi kila siku saa ngapi. Kama umeajiriwa, vua kitambulisho shingoni kabla ya kupiga, na usipige getini ofisini. Kama we mtumishi wa umma unaujua mwenyewe waraka wa mavazi, sitakufundisha kazi. Marehemu naye ana wenyewe, gauni la mama aliyefariki ni lako ila ugonjwa wake ni wa familia nzima. Na tangu 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwahiyo habari za mtu sio kachumbari ya kunogeshea picha yako.

Kingine, usiposti ulipo wakati upo. Nimevaa hivi nikaenda hivi, umesharudi, mlango umefunga, ndo unatuma.

Kuna stori nzito pia, na watu ndo wanazipenda hizo, ila wewe usiwe chakula. Nina gauni la bluu la kawaida kabisa, mikono mifupi, ndo nililotoka nalo nyumbani kwa watu siku ndoa ilipoisha. Nilikaa nalo miaka miwili sijaligusa, si kwa kuvaa si kwa kuandika. Nilijaribu kuandika mara tatu, ya kwanza ilikuwa matusi, ya pili ilikuwa kilio, ya tatu ilikuwa mahubiri, zote nikafuta. Nilikuja kujua iko tayari siku nimemsimulia jirani yangu tunaosha vyombo, sauti haikukatika na hata tulicheka sehemu moja inayohusu begi. Niliandika maneno machache tu, "Hili nilitoka nalo. Mengine yalibaki. Zipu inasumbua lakini inafunga." Sikumtaja mtu, sikusema kilichotokea, na waliopitia walielewa. Kwahiyo kipimo changu ndo hicho, simulia kwa mdomo kwanza kwa mtu unayemuamini huku mikono ina kazi. Sauti ikikatika, nguo irudi kabatini, haijakauka.

Na ukishaposti jambo kama hilo jiandae, kuna watu watakutumia ya kwao marefu kuliko yako. Usijibu kwa vikopa. Kama huna nguvu siku hiyo mwambie "nimesoma, ntakutafuta jioni", afu kweli umtafute.

Vitu vidogovidogo nimalize. Taja bei na soko, watu watauliza tu, ukiandika "Sabasaba, elfu nne, nimepunguza kiuno kwa elfu mbili" umejiokoa na meseji ishirini. Fundi wako msifie ila muulize kama anataka jina lake liwekwe, wengine wamezidiwa kazi hawataki wateja wapya, wangu aliniambia "usinitaje mpaka nimalize sare za harusi." Rudia nguo bila aibu, nguo ikirudi mara ya tano ina stori tano, na mwenye kusema "hiyo si uliivaa juzi" mjibu ndio na nimeifua. Wanaume mnaosoma msijifiche, shati la kaunda suti la baba yako limekaa kwenye sanduku na we unaposti raba tu kila siku, toa hilo shati. Wanaokuja inboksi na "mambo mrembo" hao ni kufuta, hakuna ufundi hapo.

Na hizo picha zihifadhi sehemu nyingine pia, zitume kwenye imeili yako au kwenye simu ya ndugu, na maneno yake, maana simu yangu ilidumbukia kwenye ndoo ya maji ya kudekia na miezi saba ya nguo ikaenda nayo. Ile ya kanga ilibaki kwasababu yule wa zamani alikuwa ameihifadhi. Ilibidi nimuombe anirushie, na akanirushia, na saivi anajua nilikuwa nadeki kweli.

Siku huna stori usiitafute. Weka picha, andika bei, andika soko, weka simu chaji ulale.