Soksi za kubana baada ya kubadilishwa nyonga: jinsi ya kumvisha mgonjwa nyumbani

Nafanya kazi ya fiziotherapia hapa Dar es Salaam, na siku nyingi za wiki nazunguka majumbani kwa watu waliowekewa nyonga bandia. Mgonjwa hutoka wodini na magongo, dawa, karatasi ya kliniki na pakiti ya soksi. Magongo ameshafundishwa, dawa ameandikiwa zinavyomezwa. Soksi ameambiwa avae, basi. Kwa hiyo mwongozo huu namwandikia anayebaki naye nyumbani: mke, mume, binti, mjukuu. Wiki za mwanzo mgonjwa mwenyewe hatakiwi kuzivaa kwa mikono yake.

Sababu ni hii. Baada ya upasuaji wa nyonga damu huganda kwa urahisi, na mguu unaolala kutwa hauirudishi damu juu vizuri, kwa kuwa kazi hiyo hufanywa na misuli ya kigimbi mtu anapotembea. Bonge la damu likijijenga kwenye mshipa wa ndani linaweza kung'oka na kupanda hadi mapafuni. Soksi hubana zaidi kwenye kifundo cha mguu na kulegea kadiri inavyopanda, hivyo huisaidia damu kurudi. Nasema huisaidia. Mzigo mkubwa umebebwa na dawa ya kuzuia damu kuganda, iwe sindano ya tumboni au vidonge, na kuvaa soksi hakukupi ruhusa ya kuruka dozi hata moja. Wapo pia madaktari wasiotoa soksi kabisa, wanategemea dawa na kutembea mapema. Kama hukupewa, usikimbilie kununua.

Kabla ya yote: je, mguu huu unafaa kuvishwa?

Mwambie daktari kwanza kama mgonjwa ana kisukari kilichomletea ganzi miguuni, ana moyo ulioshindwa na miguu imejaa maji, ana vidonda, ngozi yake imekuwa nyepesi kama karatasi, au amewahi kuambiwa mishipa inayopeleka damu miguuni imeziba. Mguu ambao damu inaufikia kwa shida, ukiubana unauumiza. Mwenye ganzi naye hatasikia soksi inapomchubua.

Hatua ya 1: Soksi sahihi, saizi sahihi

Dukani kuna soksi za aina mbili zinazofanana sana. Za mgonjwa wa upasuaji hubana taratibu, kama milimita 18 za zebaki (mmHg, kipimo cha mbano) kwenye kifundo na 14 kwenye kigimbi, na mara nyingi huvaliwa usiku na mchana mpaka mtu atembee vizuri. Za watu wenye mishipa iliyovimba hubana zaidi, nyingi 20 hadi 30, na huvaliwa mchana tu. Namba zimeandikwa kwenye pakiti. Zisome kabla hujalipa, kwa sababu muuzaji mara nyingi hukupa alizonazo.

Saizi haitokani na namba ya kiatu. Chukua futi ya fundi cherehani asubuhi, mguu haujavimba, upime sehemu tatu: kifundo pale palipo pembamba juu ya mfupa, kigimbi pale palipo panene, na urefu kutoka kisigino hadi mkunjo wa nyuma ya goti. Pima miguu yote miwili, maana uliopasuliwa mara nyingi ni mnene kuliko mwenzake. Mguu ukija kuvimba zaidi au kupungua, pima upya. Nunua jozi mbili.

Hatua ya 2: Mkao

Hapa ndipo ninapoona hatari kubwa. Mtu mzima aliyezoea kujitegemea anaona aibu kuvishwa soksi, basi anakaa kwenye kigoda, anainama na kuushika mguu. Akiinama hivyo nyonga inakunjika kupita nyuzi 90, na akiuleta mguu juu ya paja la pili anaupindisha. Kama daktari alipasua kwa upande wa nyuma wa nyonga, hiyo ndiyo njia ya nyonga mpya kuchomoka. Masharti haya kwa kawaida hudumu wiki 6 hadi 12. Fuata uliyopewa na aliyekupasua.

Kwa hiyo mgonjwa alale chali kitandani, mguu umenyooka, vidole vikiangalia dari. Wewe kaa upande wa miguu. Usiinue mguu juu, na usiuache uanguke kwa ndani.

Hatua ya 3: Kuvisha

Mguu uwe mkavu kabisa. Joto la Dar linajulikana: jasho likibaki, soksi itanata na utaivuta kwa hasira. Futa, subiri dakika mbili mbele ya feni, pakaa poda kidogo. Mafuta na losheni ziache kwa wakati wa kuvua.

Vaa glavu za mpira za kuoshea vyombo. Zinashika kitambaa vizuri na kucha hazitakichana. Ingiza mkono ndani ya soksi, shika kisigino chake, kisha igeuze nje ndani mpaka hapo kwenye kisigino. Sasa umebaki na mfuko mfupi wa kuingiza mguu. Uingize, vuta hadi kisigino cha soksi kikae sawasawa juu ya kisigino cha mtu. Kikikaa upande, anza tena, kwani huwezi kukirekebisha ukishafika gotini. Kutoka hapo panda kidogo kidogo kwa viganja, ukilainisha kila sehemu kabla ya kusogea. Usikamate ukingo wa juu na kuuvuta wote kwa mkupuo.

Kama soksi ina tundu la vidole, valisha mguu mfuko laini wa plastiki kwanza, pitisha soksi juu yake, kisha chomoa mfuko kupitia tundu. Soksi inateleza bila kugombana.

Hatua ya 4: Vidole viwili

Ukingo wa juu uishie vidole viwili chini ya mkunjo wa goti, bila kukunjwa hata mara moja.

Nilimtembelea bibi mmoja Tabata, wiki ya tatu baada ya upasuaji. Alikuwa kwenye kochi, mguu umetuna. "Mwanangu, hii soksi inanikaba." Nikapandisha gauni. Ukingo ulikuwa umekunjwa mikunjo mitatu, umekuwa kamba. Nilipoukunjua, chini yake palikuwa na mfereji mwekundu uliozunguka mguu mzima, ningeweza kulaza kidole ndani yake. Mjukuu wake alisema, "Bibi alisema ni ndefu, nikaikunja." Soksi ilikuwa saizi ya mtu mrefu zaidi. Ikikunjwa inabana kwa juu kuliko chini, na damu inazuiwa pale ilipotakiwa kupita. Heri mguu mtupu kuliko soksi iliyokunjwa.

Mwisho, bonyeza ukucha wa kidole gumba uachie. Rangi irudi mara moja. Vidole vikiwa baridi, vya bluu au vyenye ganzi, vua.

Hatua ya 5: Kuvua na kukagua

Vua kila siku kwa ajili ya kuoga. Mwenye ngozi dhaifu au anayelala muda mrefu akaguliwe mara mbili au tatu kwa siku. Angalia kisigino na mifupa ya kifundo kwanza: wekundu usiotoweka ukibonyeza, malengelenge, mchubuko. Ukiona, soksi isirudi mpaka mhudumu wa afya apaone.

Kwa wagonjwa wangu Waislamu tunapanga kuvua na kuoga kuende pamoja na udhu wa asubuhi, na kuhusu kupaka maji juu ya soksi nawaambia wamuulize shekhe wao.

Soksi peke yake ni utelezi mtupu kwenye vigae. Avae kiatu chenye mkanda nyuma kabla hajasimama, kandambili hapana. Kufua ni kwa mkono, sabuni laini, bila dawa ya madoa na bila kukamua, kisha anika kivulini.

Usisubiri kliniki

Kigimbi kimoja kikivimba ghafla, kikiuma na kuwa cha moto, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Pumzi ikikata ghafla, kifua kikichoma au akikohoa damu, ondokeni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Hatari hii huendelea kwa wiki nyingi baada ya kutoka wodini, kwa hiyo msijione mmevuka kwa sababu kidonda kimefunga.

Tarehe ya kuacha soksi anaitoa daktari. Akishaitoa, usimgawie jirani anayelalamika miguu kuvimba. Zilipimwa kwa mguu wako, na wa kwake hujui ndani una nini.