SOMO: Kisu cha porini, ubebe au uache? (soma mpaka mwisho ndo uulize)

Wakuu habari za leo. Kila kiangazi kikianza, mwezi wa 5 hivi njia zikikauka, napokea meseji zile zile. "Kaka tunapanda Hanang, ninunue kisu gani?" "Mkuu tunalala porini Mpwapwa wikiendi, kisu ni lazima?" Mwingine ananitumia picha ya jisu la kijeshi lenye meno mgongoni, anauliza kama linafaa. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo naandika mara moja hapa, atakayeuliza tena namrudisha huku.

Jibu langu: beba, ila kiwe kidogo, na kiwe kitu cha mwisho kuingia kwenye begi. Miaka yote niliyotembea mapori ya huku kanda ya kati sijaona mtu aliyeokolewa na kisu. Nimeona walioishiwa maji saa saba mchana wamekaa chini ya mgunga hawawezi kunyanyuka, nimeona waliopotea kwa sababu makorongo yote ya mchanga yanafanana, na nimeona mtu anatetemeka Hanang usiku na fulana moja kwa vile alidhani Tanzania ni joto kila mahali, wakati mlima ule una mita 3,400 na ushee. Kisu hakisaidii hata moja kati ya hayo. Kwa hiyo kwanza maji (mimi nabeba lita 4 kwa mtu kwa siku, kiangazi), sweta, tochi, kiberiti ndani ya mfuko wa nailoni, bandeji, filimbi, simu yenye chaji, na mtu aliyebaki nyumbani anayejua unapita wapi na unarudi lini. Hivyo vikishakaa ndo tuongee kisu.

Najua kuna atakayenitajia yule Mmarekani, Aron Ralston, aliyebanwa mkono na jiwe kwenye korongo la Bluejohn kule Utah mwezi wa 4 mwaka 2003 akajikata mkono mwenyewe akatoka. Ni kweli. Lakini angalia vizuri: alikaa pale siku tano kwa sababu hakumwambia mtu anakwenda wapi, na kifaa alichokuwa nacho kilikuwa butu, hakikuweza kukata mfupa, ikabidi auvunje kwanza. Angeacha ujumbe nyumbani wangeanza kumtafuta mapema na wangejua pa kuanzia.

HATUA YA 1: Jua unaingia eneo gani. Ukiingia hifadhi ya taifa au pori la akiba, mfano Swagaswaga au Mkungunero, kuwa na silaha bila kibali ni kosa, na kisu na panga vinahesabika. Watu wamefikishwa mahakamani kwa kukutwa na panga moja na kisu kimoja ndani ya hifadhi. Getini mwambie askari unacho, akisema acha, acha. Kwenye ndege kinakaa kwenye begi la kupakiwa, sio la mkononi.

HATUA YA 2: Chagua. Makali yenye urefu wa kiganja chako bila vidole yanatosha, sentimita 8 mpaka 10. Kisichokunja ni bora kuliko cha kukunja, na chuma chake kipite ndani ya mpini mpaka mwisho, sio kijisumari kifupi kilichochomekwa kwenye plastiki. Ukitaka cha kukunja kiwe na loki, yaani kizuizi cha makali yasijikunje yenyewe. Ukinunua sokoni hapa Dodoma, Majengo au Sabasaba, kishike mpini ukigonge mgongo kwenye meza polepole, kikicheza ndani ya mpini rudisha. Stenlesi haipati kutu kirahisi, chuma cha kaboni kinanoleka haraka ila kinataka mafuta. Meno ya mgongoni hayakati kitu, yanachana begi tu.

HATUA YA 3: Kinoe nyumbani kabla ya safari. Kisu butu ndo kinachokata watu, maana unatumia nguvu kinateleza.

HATUA YA 4: Kiwe ndani ya ala muda wote, kiunoni au mfuko wa juu wa begi. Usikivae shingoni.

HATUA YA 5: Kukata. Hapa someni polepole kwa sababu hapa ndo nilipoumia. Ilikuwa milima ya Kiboriani juu ya Mpwapwa, jua linazama, nimetembea tangu alfajiri, nataka maranda ya kuwashia moto ili chai ichemke kabla ya giza. Nilikuwa na kisu cha kukunja kisicho na loki, kile kinachoshikiliwa na springi tu. Kijiti kilikuwa na ufa, mimi badala ya kupitisha makali juu yake taratibu nikachomeka ncha kwenye ufa nikawa nasukuma ili kipasuke. Kisu kikajikunja. Kilifunga juu ya vidole vyangu kama mlango, cha shahada na cha kati, nikahisi kimegusa mfupa kabla sijahisi maumivu, halafu damu ikaanza kudondoka kwenye majani makavu, unaisikia kabisa, tap tap tap. Mwenzangu alibana kwa kitambaa, nikanyanyua mkono juu ya kichwa, tukakaa hivyo dakika kumi na tano bila kufunua kuangalia (ukifunua kila saa damu haigandi). Kisha tukashuka kwa tochi, na kushuka mawe kwa mkono mmoja usiku ni saa tatu nzima, bodaboda, hospitali saa tano usiku, nyuzi saba na sindano ya pepopunda. Mpaka leo kile kidole cha kati asubuhi za baridi za mwezi wa 7 hakikunji sawasawa.

Kwa hiyo nawaomba, hivi sio mapendekezo:

Usichomeke ncha ukasukuma kwa kisu cha kukunja, kamwe. Kata kwenda nje, mbali na mwili. Usikae ukaweka kijiti katikati ya mapaja, ndani ya paja kuna mshipa mkubwa wa damu, ukikatika hapo porini dakika chache tu zinatosha kukumaliza. Egemeza viwiko kwenye magoti au geukia pembeni. Kabla hujaanza nyoosha mkono uzunguke, kama unamgusa mtu, sogea. Kikidondoka kiache kidondoke, usikidake. Ukimpa mtu mpe mpini, na usiachie mpaka aseme "nimekishika". Giza likiingia au mikono ikichoka kirudi kwenye ala, chai isubiri.

HATUA YA 6: Kisu SIO cha nini. Sio cha kupambana na mnyama. Sio cha kumtishia kibaka, atakachokifanya ni kutoa lake na lake ni panga. Sio cha kubandulia ganda la ubuyu, ncha itavunjika, ligonge kwa jiwe. Na sio cha nyoka. Ukigongwa na nyoka HUKATI jeraha, hunyonyi, hufungi kamba ya kubana, huweki jiwe la nyoka. Unamlaza mtu, unamtuliza, unafunga kijiti na kanga mguu usichezecheze, unamvua pete, saa na bangili, mnambeba kwenda hospitali yenye dawa ya sumu. Kazi ya kisu hapo ni moja, kukata kamba ya kiatu au mguu wa suruali kabla hajavimba.

HATUA YA 7: Ukirudi kioshe, kikaushe, kipake mafuta ya kupikia kidogo.

Karibuni kwa maswali.

MASWALI

Mdau wa Nkuhungu: Somo zuri mkuu. Sasa kisu kipi kizuri?

Mwandishi: Hatua ya 2.

Mdau wa Nkuhungu: Namaanisha kampuni gani.

Mwandishi: Mora, Opinel, Victorinox, watu wanavitumia dunia nzima. Opinel ina pete ya kufungia makali yasijikunje. Vile vidogo vya kawaida vya Victorinox havina loki, rudia hatua ya 5. Ila cha sokoni chenye chuma kilichopita mpini mzima kinakutosha, usiache kula kwa ajili ya jina.

Binti Ilazo: Shikamoo mkuu. Mimi ni mara ya kwanza, sijawahi kunoa kisu, nyumbani tunampa yule fundi anayepita na baiskeli. Nikiwa porini nitajuaje kimekuwa butu na nanoa na nini?

Mwandishi: Marahaba dada, swali zuri hili. Chukua karatasi, ishike kwa juu ining'inie, pitisha makali. Kikikata bila kuchana ni kikali, kikinasa na kurarua ni butu mahali pale kiliponasia. Porini tumia nyanya au kitunguu, makali mazuri yanaingia kwenye ganda la nyanya bila kukandamiza. Kunoa, kinoo kidogo cha bei ya kawaida kinatosha, maji kidogo juu, laza makali karibu na bapa ila mgongo uinuke kama unene wa sarafu mbili, sukuma kama unataka kukwangua kipande chembamba cha jiwe, mara kumi huku mara kumi kule. Huna kinoo? Geuza kikombe cha udongo, ile duara ya chini isiyo na rangi inanoa vizuri tu. Fundi wa baiskeli anafanya kazi nzuri lakini lile gurudumu linapasha chuma moto, ukiona makali yamegeuka rangi ya bluu hapo pameharibika. Mwambie apitishe taratibu na maji.

Binti Ilazo: Nimejaribu na kikombe sasa hivi, karatasi inakatika! Asante sana.

Mwandishi: Safi sana. Umeshawazidi wengi wanaoniandikia.

Kijana wa Bahi: Kaka nakuheshimu ila wafugaji huku wanatembea na sime na mkuki miaka yote, Wamasai, Wabarbaig, na sisi Wagogo wazee wetu hivyo hivyo. Wewe unasema kisu kidogo, huoni unatuletea mambo ya wazungu?

Mwandishi: Hapana ndugu yangu. Yule ameshika sime tangu ana miaka saba, anakatia matawi ya boma, anachinjia, anaifanyia kazi kila siku, mkono wake unaijua. Na angalia kingine alichobeba: fimbo. Anapimia kina cha maji, anapigia majani nyoka asogee, anaegemea. Halafu anajua kisima kilipo, na akikosa maji anajua mbuyu gani una maji kwenye pango lake. Mwanafunzi wa chuo anayetoka mjini akabeba sime bila hivyo vingine amebeba uzito tu. Ukitaka kumuiga mfugaji anza na fimbo.

Kijana wa Bahi: Hapo nimekuelewa. Fimbo kweli.

Area C Mjanja: Nimepitia haraka haraka, kwa hiyo nyoka akigonga unachanja kidogo damu itoke au?

Mwandishi: HAPANA. Nimeandika kwa herufi kubwa. Rudi hatua ya 6.

Area C Mjanja: Mbona babu yangu alichanjwa akapona?

Mwandishi: Kwa sababu nyoka wengi hawana sumu ya kuua mtu, na hata wenye sumu mara nyingine wanagonga bila kuitoa. Babu angepona hata asingechanjwa. Sumu ya kifutu inaharibu nyama na kuvuruga kuganda kwa damu, ukichanja hapo unamwongezea jeraha linalovuja na kuoza. Koboko sumu yake inakimbilia pumzi, dakika unazopoteza kuchanja ndo dakika za gari. Sibishani zaidi kwenye hili, kuna watu wanapoteza miguu.

Mwalimu Kondoa: Habari. Nina wanafunzi 22 tunakwenda Kolo kuona michoro ya miambani, halafu tunatembea vilima vya Irangi. Wavulana wanataka kila mtu abebe kisu.

Mwandishi: Shikamoo mwalimu. Kisu kimoja tu, kiwe kwako, ndani ya begi. Kwenye michoro kibaki kwenye gari kabisa. Yale mawe yako kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006, na mtoto mwenye kisu mbele ya mwamba atataka kuandika jina lake, mkwaruzo mmoja haufutiki. Mchukue mwongozaji pale Kolo. Pesa ya visu nunua filimbi 22, wafundishe mipulizo mitatu ni "nimepotea", na anayepotea akae alipo.

Mwalimu Kondoa: Marahaba. Filimbi hilo sikulifikiria, nalifanyia kazi.

Mama Kisasa: Mwanangu anapanda Hanang Desemba na wenzake. Kisu ameshanunua. Nimwambie nini?

Mwandishi: Dada, mwambie asogeze safari mpaka kiangazi. Desemba ni mvua, na tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka mlima ule vikaua watu Katesh. Akienda kiangazi apitie Katesh na mwongozaji wa pale, sweta na koti la mvua, akuachie namba ya mwongozaji. Kisu chake sina neno nacho.

Fundi Chuma: Nyongeza mkuu. Wahunzi wanafua visu vizuri sana kwa springi za gari chakavu. Mwambie mhunzi akuachie makali yenye upana wa vidole viwili na mpini wa mti uliopigwa riveti mbili.

Mwandishi: Kweli kabisa fundi, cha kwangu cha sasa ni springi, mwaka wa nne huu. Hakikisha tu mhunzi alikizamisha kwenye mafuta kikiwa chekundu, akakipasha tena kidogo baada ya hapo. Asipokipasha tena, kikianguka kwenye jiwe kinakatika kama kioo.

Binti Ilazo: Na miiba je? Mgunga ulitoboa raba yangu mpaka ndani.

Mwandishi: Kibano na sindano, sio kisu. Ukichokonoa mwiba kwa ncha ya kisu unausukuma ndani. Tena beba kipande cha tyubu ya baiskeli, kisu chako kitapata kazi halali: kata pete nyembamba, inafunga soli iliyobanduka, inafunga kijiti cha mguu uliovunjika, na kipande kidogo kinawasha moto hata kuni zikiwa na unyevu. Ila kiangazi fagia majani mita mbili kuzunguka kwanza, na uzime kwa maji na mchanga, moto kichaa huku unakimbia kuliko wewe.

Fundi Chuma: Tyubu hiyo hiyo ukiivisha kwenye mpini hautelezi mkono ukiwa na jasho.

Mwandishi: Hiyo naifanya pia. Ila ivue kila ukirudi safari, jasho linakaa chini yake na kutu inaanzia pale kwenye riveti usipopaona.